Ashiki Haina Kipimo Kimoja

Nimechoshwa na washauri wa mahusiano wanaotangaza, kwa uhakika wa hakimu, kwamba mwenzi asiyesisimka upesi ama hapendi tena ama amepata mwingine. Juzi nilimsikiliza mmoja akiwagawa wanadamu wote mafungu mawili, wenye hamu na wasio nayo, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey, kituo cha utafiti wa masuala ya ngono huko Marekani, walitoa maelezo yanayoheshimu zaidi akili zetu: ashiki hutawaliwa na mifumo miwili, mmoja wa kuchochea na mwingine wa kuzuia, na watu hutofautiana katika nguvu ya kila mmoja. Ndiyo maana watu wawili ambao miili yao haiitiki wanaweza kuwa na sababu zisizofanana hata kidogo. Mmoja mchocheo wake ni hafifu. Mwenzake anao mkali, ila kizuizi kimemkaza kwa sababu anaogopa kushindwa, anahofia mimba au maradhi, au anashuku kwamba mtoto wa chumba cha pili hajalala. Huyu wa pili ukimshauri anunue manukato na nguo za kulalia, umekanyaga mafuta huku breki imeshikiliwa, na cha ajabu ni kwamba huo ndio ushauri unaouzwa kila siku! Tena wapo ambao wasiwasi au huzuni huwaongezea hamu badala ya kuizima. Sijui hao mshauri wetu angewatupa fungu gani.

Haya, nakubali shingo upande kwamba, kwa wastani, wanaume hupata alama za juu zaidi kwenye kipimo cha mchocheo. Wastani huo hauniambii lolote la hakika kuhusu mwanamume au mwanamke aliyeketi mbele yangu.

Wala mwili si shahidi wa kutegemewa. Mwaka 2010, Meredith Chivers na wenzake walijumlisha tafiti nyingi zilizolinganisha mwitikio wa viungo vya uzazi na msisimko ambao mtu mwenyewe alisema anauhisi; kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kulingana kikamilifu, uhusiano ulikuwa 0.66 kwa wanaume na 0.26 tu kwa wanawake. Kwa hiyo anayejitetea kwamba mwili wa mwenzake ulikubali, ilhali mwenyewe alikwisha kukataa, asitafute hifadhi katika sayansi.