Zenia Yako Usiimwage Raskazone

"Si yametoka baharini? Basi yarudi baharini."

Aliyeniambia hivyo wiki iliyopita ni mtu mzima, msomi, mwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni kwake Chumbageni ambalo wageni hulipiga picha kabla hawajaketi. Mkononi alikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na matumbawe laini yaliyomzidi tangini: mafungu ya zenia, matawi ya mti wa Kenya, na jiwe zima lililofunikwa na nyota za kijani. Safari ilikuwa ya Raskazone, ufukweni kwetu hapa Tanga, akayamwage. Kwa wema uliomjaa usoni ungedhani anakwenda kumwachia kasa aliyenaswa na jarife.

Nikamwambia, "Kaka, hiyo ndoo iweke chini kwanza." Akacheka. Tukabishana barazani mpaka kahawa ikapoa, na ingawa ndoo haikufika baharini, sina hakika kama nilimshinda kwa hoja au alichoka tu. Kwa hiyo leo namalizia hapa yale ambayo hakunipa nafasi ya kuyasema.

Tunaofuga matumbawe Tanga tunahesabika. Swali la kwa nini mtu afuge bahari sebuleni wakati bahari yenyewe iko mwisho wa mtaa nimeshalichoka, na sitalijibu tena mpaka wafuga njiwa nao waulizwe mbona ndege wamejaa angani. Uchache wetu ndio unaotudanganya. Tunaona ndoo moja ya mtu mmoja haiwezi kuharibu kitu.

Mnajua inavyoanza. Anayeanza hupewa zenia kwa sababu ni "rahisi". Polipu zake, yale maua yake madogo yenye vidole, zinafumba na kufumbua mchana kutwa, mgeni anashangaa, mwenye tangi anavimba kichwa. Baada ya miezi imepanda kioo, imepanda pampu, imemziba jirani yake. Nyota za kijani ndiyo usiseme: lile zulia lake la zambarau linatambaa juu ya jiwe, likimaliza jiwe linahamia kioo. Mti wa Kenya unadondosha matawi wenyewe, yanachukuliwa na maji, yanashika mizizi nyuma ya mwamba usikofika mkono. Uyoga wa bahari, jamaa mwingine wa matumbawe, ukiukwangua ukaacha kipande cha kikanyagio chake, umeupandikiza upya. Ni kweli, na nalisema hili kwa shingo upande, kwamba wakati wa kaskazi, umeme umekatika na maji yamepanda juu ya nyuzi 30, matumbawe magumu ya bei mbaya yanageuka meupe wakati uyoga hauna habari. Kwa mazingira yetu hayo laini yana faida yake. Lakini anayeyagawa bila kumwambia mwenzake yatakavyokuwa mwakani anamfanyia khiyana.

Sasa turudi kwenye hiyo "yametoka baharini".

Bahari ipi? Matumbawe mengi ya biashara hii yanatoka Indonesia na kwingineko Pasifiki, au yamekatwa vipande na kukatwa tena kwenye matangi ya Ulaya kwa miaka, kizazi juu ya kizazi, bila kuonja maji ya bahari yoyote. Mti wa Kenya ni jina la biashara, hauna cheti cha kuzaliwa Shimoni. Tena tumbawe halisafiri peke yake. Ndani ya jiwe lake mna minyoo bapa, konokono, mbegu za mwani, aiptasia (anemoni msumbufu wa matangi), na vijidudu vya magonjwa usivyoviona hata kwa miwani. Ukimwaga ndoo, umemwaga na abiria wote.

Bwana mkubwa akanijibu kwamba zenia zipo hata kwenye miamba yetu wenyewe. Kweli zipo. Matumbawe laini ya jamaa hiyo ni wenyeji wa Bahari ya Hindi na anayezamia huku ameyaona. Hapo ndipo alipodhani amenifunga mdomo, nami nikamuuliza kama amewahi kupanda Amani.

Kule juu ya Muheza kuna mti wa musizi, Maesopsis. Si mgeni kutoka Brazili wala Australia. Kwao ni ukanda wa Ziwa Viktoria, humu humu Afrika Mashariki, na Bukoba upo tangu enzi. Ukaletwa Amani, ukapandwa, na msitu ulipofunguliwa kwa kukatwa magogo ukajitwalia nafasi. Hondohondo wanakula matunda yake na kutawanya mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili. Leo wanaohangaikia misitu ya Usambara Mashariki wanauhesabu miongoni mwa mimea vamizi inayowaumiza kichwa. Safari yake yote ilikuwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Kwa hiyo ukiniambia "zipo hata huku", hujaniambia kitu.

Na zingatia ulipata wapi mlango: palipokatwa miti. Nani wa Tanga anahitaji kuelezwa hali ya miamba yetu? Mabomu ya kuvulia samaki yalianza kusikika kwenye pwani hii miaka ya 1960, na kwa miaka mingi watoto wa hapa walikua wakijua mlio wa baruti kuliko wa radi. Kila bomu liliacha vifusi. Matumbawe magumu yanapata taabu kuota juu ya vifusi, maana kila wimbi linavigeuza, tumbawe changa linasagwa kabla halijashika. Hayo laini, yanayotambaa, yanavitaka vifusi hivyo hivyo. Huko Komodo, Indonesia, ambako nako walipiga mabomu, watafiti waliorudia miamba iliyolipuliwa walikuta sehemu nyingine vifusi vimetandwa na matumbawe laini na jamaa za uyoga, na magumu hayarudi. Kwenye kisiwa cha Palmyra katikati ya Pasifiki, meli ya uvuvi ilizama juu ya mwamba mwaka 1991. Uyoga wa bahari uliokuwa pale pale, mwenyeji kabisa, ukapata nguvu kuzunguka ule mzoga wa chuma na kuumeza mwamba kiasi kwamba ikabidi Wamarekani waje kuiondoa meli yenyewe. Mwenyeji huyo! Hakuletwa na ndoo ya mtu. Alisubiri tu mwamba uumie.

Miamba yetu imeumia kwa mabomu, ikaumia tena kwa joto la mwaka 1998, na bado kuna mtu anayeona busara kwenda kuimwagia kitu ambacho sifa yake ya kwanza dukani ni kwamba hakifi.

Anayetaka mfano wa akwaria yenyewe atazame Venezuela. Katika Hifadhi ya Mochima, tumbawe la jamaa ya zenia liitwalo Unomia, ambalo kwao ni pande hizi za Indo-Pasifiki, limetanda juu ya miamba na nyasi za baharini, na wanaolichunguza wanaamini lilifikishwa na biashara ya akwaria. Samaki-simba, huyu huyu mwenye miiba tunayemkwepa tukizamia Mwambani, anatafuna samaki wa Florida na Karibea tangu alipoonekana huko mwaka 1985, na lawama ni ya matangi vilevile. Viumbe wa bahari wakikosea njia huwa hawana anayewarudisha. Na sisi wenye kunguru weusi, walioletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasafishe taka, kila asubuhi wakituamsha kwa makelele yao, ndio tungepaswa kulielewa hili kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Halafu hapa si popote. Tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha kufa pamoja na madinosauri. Raskazone ni mlangoni pake.

"Sasa nifanyeje?" akaniuliza, kwa hasira. Swali la haki.

La maana ni kutoyaacha yafike hapo. Zenia na nyota za kijani ziwekwe juu ya jiwe lake peke yake, katikati ya mchanga, mbali na mwamba mkuu na mbali na kioo, na kila kinachochungulia nje kikatwe mapema. Zikishapanda, usizikwangue ndani ya tangi, vipande vitakwenda kila pembe. Toa jiwe zima nje ufanyie huko. Uyoga mmoja mmoja unafukiwa kwa uji mzito wa chokaa safi ya akwaria, pampu zikiwa zimezimwa. Narudia, ya akwaria. Chokaa ya kupaka ukuta iache ukutani. Na punguza chakula: tangi linalolishwa kama harusi litaota zenia tu.

Kuhusu zoantidi, jamaa wa matumbawe wanaoota kama vifungo juu ya mawe, sina mzaha hata kidogo. Baadhi yao, hasa palithoa, wana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana, na moto hauiondoi. Kuna watu wanaochemsha mawe kwenye sufuria jikoni ili kuyasafisha. Usichemshe jiwe lenye viumbe hao, usilisugue kwa brashi likarusha maji, usilimwagie maji moto. Mvuke wake umeshalaza watu. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia ilipelekwa hospitali baada ya mmoja wao kusafisha tangi, na wazima moto waliokwenda kuwasaidia wakapelekwa pia. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto watoke nje. Ukiwa na kidonda mkononi, acha kazi hiyo kwa siku nyingine.

Vilivyotolewa vitumbukize kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi yenye Jik, viache humo usiku kucha, kisha uvianike juani mpaka vikauke kabisa ndipo vitupwe na taka. Maji ya tangi usiyamwage kwenye mtaro, maana mitaro ya mjini kwetu inaishia baharini. Yamwage kwenye udongo mtupu, mbali na mnazi wa jirani.

Na kama bado viko hai na roho inakuuma kuviua, wapo wanaoanza wanaovitafuta. Wape, na uwaambie ukweli wote. Jiwe la nyota za kijani nimelichukua mimi. Zenia za jamaa ziko kwenye ndoo ya Jik, naye hajanisalimia tangu Ijumaa.