Kabla ya Kununua Tiketi, Uliza Kama Kuna Spika

Vituo vya sanaa za maonyesho vikitoa ratiba ya msimu huweka picha kubwa, jina la msanii, tarehe na bei. Jambo linaloamua kama utafurahi au utavumilia tu halimo: je, sauti itakufikia moja kwa moja kutoka jukwaani, au itapitia kwenye spika? Kwa maoni yangu lilistahili kuandikwa kando ya tarehe, kwa herufi za ukubwa uleule, maana ndilo linalokuambia ununue kiti kipi, na wakati mwingine kama ununue kabisa.

Okestra ikipiga bila spika, kuta na dari ndizo zinazoirudisha sauti kwa wasikilizaji. Katika ukumbi mzuri, ala zikinyamaza sauti hubaki hewani kwa sekunde 2 hivi kabla ya kufifia, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Lakini kwa tamthilia sekunde 2 ni balaa: silabi hupandana, na ukifika mapumziko hujui nani kamuua nani. Maneno yanataka sekunde 1 hivi. Kwa hiyo ukumbi unaotangaza okestra Ijumaa, tamthilia Jumamosi na mchekeshaji Jumapili hauna budi kujibadilisha kila siku. Siku ya maneno hushushwa mapazia mazito ukutani yanyonye sauti. Siku ya okestra husimamishwa kuta za mbao nyuma ya wapigaji na dari ya mbao juu yao. Mbao hizo zikikosekana, sauti hupanda kwenye mnara ulio juu ya jukwaa, kule yanakoning'inizwa mandhari na taa, na nyingi huishia hukohuko. Tafuta picha za okestra zilizowahi kupiga katika ukumbi huo. Ukiona nyuma ya wapigaji kuna pazia jeusi tu, na hakuna spika, hela yako ipeleke kwenye onyesho jingine.

Haya si madogo. Ukumbi wa okestra wa Lincoln Center, New York, ulifunguliwa 1962, sauti yake ikalalamikiwa tangu mwanzo. Ulivunjwa ndani na kujengwa upya 1976, kisha ukafumuliwa tena na kufunguliwa 2022 ukiwa na viti 2,200 hivi badala ya zaidi ya 2,700. Ukumbi wa muziki wa Sydney Opera House, uliofunguliwa 1973, nao ulifungwa ili sauti irekebishwe, ukafunguliwa tena mwaka huohuo wa 2022. Kama majumba hayo yamehangaika hivyo, ukumbi wa kawaida wa mji hautakosa kasoro, na mnunuzi hana dawa ila kuzikwepa kwa kiti.

Bila spika, usijifiche chini ya roshani, yaani ghorofa ya viti inayoning'inia juu ya viti vya chini. Viti vya ndani kabisa huko havipati sauti inayoshuka kutoka darini. Unasikia muziki uliopoozwa, kama unatoka chumba cha pili. Kipimo chepesi ni hiki: umbali kutoka ukingo wa roshani hadi kiti chako usizidi kimo cha uwazi ulio chini ya ukingo huo. Viti vya juu kwenye roshani, ambavyo watu huvidharau kwa sababu ni vya bei nafuu, mara nyingi ndivyo vyenye sauti iliyochanganyika vizuri zaidi.

Kukiwa na spika, mambo hugeuka. Safu ya kwanza katikati ni ghali, na hapo ndipo utasikia ngoma na gitaa vizuri huku sauti ya mwimbaji ikikupita juu, maana spika kubwa zimetundikwa pembeni na zimeelekezwa nyuma yako. Kumbi makini huweka spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kwa ajili ya safu hizo, nyingine hazijisumbui. Tafuta miksa ya fundi sauti, yaani meza yake ya kuchanganyia sauti, ilipo kwenye ramani ya viti, ukae safu mbili tatu mbele yake. Fundi hurekebisha kile anachokisikia pale alipo, si unachokisikia wewe ukutani.

Kama msanii ana usiku mbili, chukua wa pili. Sauti hujaribiwa mchana ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakiingia, miili na nguo hunyonya sauti na kila kitu hubadilika, hivyo nyimbo za mwanzo za usiku wa kwanza mara nyingi ni za fundi kutafuta njia.

Kwa macho, hesabu ni nyingine. Uso wa mwigizaji husomeka vizuri hadi mita 20 hivi. Zaidi ya hapo unatazama mikono na mavazi. Dansi usiitazame ukiwa chini mbele: jukwaa limepanda na miguu inakatika. Safu za mbele za roshani huonyesha namna wachezaji wanavyojipanga, ila safu ya kwanza kabisa ina chuma cha usalama kinachopita mbele ya macho ya mtoto au mtu mfupi. Ukikaa kushoto kabisa, pembe ya kushoto ya jukwaa hutaiona. Na kama onyesho linafungua shimo la okestra, yaani nafasi ya wapigaji iliyo chini mbele ya jukwaa, safu za mbele huondolewa, kwa hiyo safu ya D inaweza kuwa ndiyo ya kwanza.

Ramani ikionyesha kuwa viti vizuri vimekwisha, usikimbilie wachuuzi wa tiketi. Waandaaji huzuia viti karibu na miksa, na vile ambavyo hawana uhakika anayevikalia ataonaje hadi mandhari yasimamishwe jukwaani. Vikionekana havihitajiki huachiliwa siku chache kabla, hata asubuhi ya siku yenyewe, kwa bei ya kawaida. Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Matokeo ya juu kabisa unapotafuta mtandaoni mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa mkono wa pili. Soma pia maandishi madogo chini ya jina la bendi maarufu, kwani huenda wanaokuja ni watu wengine wanaoimba nyimbo zake. Huo mtindo naona ni ujanja, hata kama sheria inauruhusu. Ukiona "dakika 90 bila mapumziko", fika mapema: ukichelewa, huenda usiingizwe kabisa.

Kumbi zenye viti nyuma ya okestra, kama Philharmonie ya Berlin ya 1963, huviuza kwa bei ya chini, na unamtazama kiongozi wa okestra usoni usiku kucha. Vinunue kwa okestra pekee. Kukiwa na mwimbaji, sauti yake inaelekea upande wa pili; kukiwa na piano, kifuniko chake hufunguka kwa wale walio mbele, na wewe utabaki na mgongo wake.