Tuhesabieni dakika, si mabasi

Kila mpango wa mabasi ya Kampala unapotangazwa, namba ya kwanza kutajwa ni idadi ya magari. Mwaka 2012 yalikuja mabasi 100 ya kampuni ya Pioneer. Baadaye kampuni nyingine, Tondeka, wakatuahidi 980. Hakuna anayesimama kutueleza basi moja litatumia dakika ngapi kutoka Mukono, mji ulio mashariki mwa Kampala, hadi mjini na kurudi Mukono. Inaniudhi sana, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua mengine yote: mabasi mangapi yanunuliwe, nauli iwe kiasi gani, dereva alipwe nini, na kama mkopo utalipika.

Tupige hesabu. Mukono hadi katikati ya Kampala ni kilomita 20 na kitu. Tuseme 20 kamili. Chukua mwendo wa jamu, kilomita 12 kwa saa. Kwenda dakika 100, kurudi 100. Ongeza desturi yetu ya paki, yaani kituo kikuu cha teksi, kwamba gari halitoki mpaka lijae. Teksi, yaani basi dogo la abiria, ina viti 14, hujaa upesi. Basi la watu 60 likingoja vivyo hivyo, linalala nusu saa kila mwisho wa njia. Mzunguko mzima ni dakika 260. Ukitaka basi lipite kituoni kila baada ya dakika 10, gawanya 260 kwa 10: mabasi 26, bila yale ya akiba yaliyo gereji.

Sasa basi litoke kwa saa yake, limejaa au halijajaa, lipumzike dakika 10 tu kila mwisho. Mzunguko unashuka hadi 220, mabasi 22. Kisha lipewe njia yake peke yake, lifikie kilomita 20 kwa saa, ambazo si mbio hata kidogo. Dakika 60 kwenda, 60 kurudi, 20 za kupumzika: 140. Mabasi 14 yanafanya kazi ya 26.

Angalia pia mfuko. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, basi la mzunguko wa dakika 260 linamaliza mizunguko mitatu, la dakika 140 linamaliza sita. Marejesho ya benki ni yaleyale, bima ileile, zamu mbili za dereva zilezile. Mabasi ya Pioneer yaliegeshwa Desemba 2013 kwa deni la kodi, na wengi wakahitimisha kwamba Kampala haitaki mabasi. Mimi nasema basi la mizunguko mitatu kwa siku haliwezi kujilipa hata kodi ikisamehewa. Kuongeza mabasi bila kuyapa njia ni kuongeza majerikeni kwenye foleni ya bomba linalodondosha matone.

Na njia yenyewe si rangi. Mstari uliopakwa tu, bodaboda wataingia siku ileile, teksi zitafuata, na magari yenye ving'ora hayatabaki nyuma. Kinachotakiwa ni ukingo wa zege ambao gari dogo haliwezi kuupanda, na njia iwe katikati ya barabara. Pembeni kuna steji, wachuuzi, magari yanayokata kona kuingia kituo cha mafuta, na mitaro inayofurika. Dar es Salaam walilielewa hilo: mwendokasi wa Kimara, ulioanza Mei 2016, unapita katikati na vituo vyake viko katikati. Lakini tuchukue na somo lao chungu, karakana ya Jangwani iliyojengwa bondeni, ikafurika. Yeyote atakayependekeza karakana ya mabasi Bwaise au kando ya mfereji wa Nakivubo, akataliwe mapema.

Makutano nayo yanaua mwendo. Askari wa trafiki akishikilia upande mmoja dakika nane pale Nakawa, basi linasimama hata likiwa na njia yake. Taa lazima zilitambue basi linapokaribia, na askari aziache zifanye kazi.

Jingine ni mlango. Abiria 40 wakipanda kwa mlango mmoja, kila mmoja akitumia sekunde 5 kulipa na kungoja chenji, ni zaidi ya dakika tatu katika kituo kimoja. Nauli ilipwe kabla ya kupanda, milango iwe miwili mipana, na sakafu ilingane na kituo ili mama mwenye mtoto na mzigo asipande ngazi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba teksi zimeubeba mji huu tangu UTC, kampuni ya zamani ya mabasi ya Uganda, ilipodhoofika, na kwamba mtu wa Seeta, karibu na Mukono, hasimami muda mrefu kabla ya kupata moja. Basi la kila dakika 10 linabeba watu 360 kwa saa, sawa na teksi 26 hivi. Asubuhi hiyo haitoshi. Litahitajika kila dakika 3. Teksi zihamie njia fupi za kulisha mabasi, Namugongo hadi Kireka, Najjera hadi Ntinda, na wenye teksi wapewe hisa kwenye kampuni kabla hazijaondolewa barabara kuu, si baada ya mgomo.

Dereva alipwe mshahara. Akidaiwa kiasi fulani kila jioni, atagombania abiria, ratiba ife.

Mabasi ya umeme ya Kiira, yanayotengenezwa hapa Uganda, nayaunga mkono. Yakikwama Kyambogo hayachomi dizeli, lakini mfanyakazi aliye ndani anachelewa vilevile.

Mwisho kuna suala la mipaka. Sensa ya 2024 iliihesabia Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, zaidi ya watu milioni 3, na Kampala yenyewe haikufika milioni 2. Abiria wengi wanalala nje ya eneo la KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala: ukivuka Banda ukaingia Kireka, uko manispaa ya Kira, ndani ya Wakiso. Ukingo wa zege ukiishia Banda, basi litakwama Kireka na Bweyogerere kabla halijaionja njia yake. Kwa hiyo mkataba wa kwanza, kabla ya ule wa kununua gari lolote, uwe wa barabara, wenye sahihi za KCCA, Kira, Mukono na polisi wa trafiki, ukitaja kipande kwa kipande nani anajenga na nani anailinda njia saa kumi na mbili asubuhi.