Usiingie Kucheza Raketiboli Macho Wazi

Kila nikimwona mtu anaingia kucheza raketiboli, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, bila miwani ya kinga, roho haitulii. Chumba chenyewe kina upana wa mita 6 na urefu wa mita 12, kimezungukwa na kuta, na ndani yake watu wawili, pengine wanne, wanazungusha raketi. Mchezaji hodari huupiga mpira ukapita kilomita 200 kwa saa. Kope haziwahi kufumba.

Wapo wanaojitetea kwamba mpira ni mkubwa, hauingii kwenye tundu la jicho. Sikubaliani nao hata kidogo. Ni mpira wa raba wenye uwazi ndani. Ukigonga mfupa wa uso hubonyea, na sehemu yake ikajisukuma hadi kwenye jicho lenyewe. Ndiyo maana vikinga vya fremu tupu, visivyo na lenzi, havifai. Miwani ya kusomea ni hatari pia, kwa sababu kioo kikipasuka vipande huishia jichoni. Vaa miwani ya michezo yenye lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi, hata siku ya mazoezi. Ikishika ukungu, simamisha mchezo uifute. Usiivue ukaendelea kucheza.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la kugeuka na uso mzima kumtazama mwenzako aliye nyuma yako anapotaka kupiga. Mtazame kwa pembe ya jicho, raketi ukiwa umeiinua kukinga uso. Nawe uliye nyuma, ukiona raketi au mpira wako utampata, zuia mkono. Kanuni zinakulinda: pointi hiyo inachezwa upya, huipotezi. Mchezaji anayezuia mkono namna hiyo namheshimu kuliko mwenye mikwaju mikali. Na kamba ya raketi ifungwe kwenye kifundo cha mkono, kila mara.

Kuteguka kifundo cha mguu, kuumia kano ya kisigino, maumivu ya kiwiko na bega, haya nayo yapo. Pasha mwili moto kabla ya kuanza, vaa viatu vya michezo ya ndani badala ya vile vya kukimbilia, na usishike raketi kwa kuikaba.

Lakini narudi kwenye jicho. Ukipigwa, usilifikiche wala usilikandamize. Ukiona miale, vidoa vinavyoelea au kama pazia linashuka, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama maumivu yameshatulia.