Mshenga na kofia ya chuma

Najua ile sauti aliyorekodi rafiki yangu Side, eti nikiwa mshenga wake niliwapigia wakwe saluti na kulia, imeshawafikia kwenye magrupu. Ameongeza chumvi. Saluti sikupiga, na wala sikulia. Kilichokuwa kinanichuruzika usoni ni mlenda. Tulieni niwape yenyewe.

Wanaonifuatilia wanaujua ugonjwa wangu: kofia za chuma za wanajeshi wa zamani. Side aliponiomba nimpelekee posa Kongwa, kule Dodoma, nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Masikini, akadhani ni mapenzi ya urafiki. Kongwa jamani! Pale ndipo Mwingereza alipoleta mabaki ya zana za vita kulimia karanga zake mwaka 1947, na miaka ya sitini wapigania uhuru wakapiga kambi. Unafika Kongwa usichungulie uani kwa watu?

Nikachungulia. Chini ya paa la banda la kuku imening'inizwa kofia kwa mkanda wake, imepambwa majani makavu, tetea anatagia humo. Bapa, ukingo mpana, ile ya Mwingereza. Nikaigeuza: matundu 3 nyuma ya ukingo! (Wageni humu: ndiyo alama ya zile zilizotengenezwa Afrika Kusini wakati wa Vita ya Pili.) Na mkanda wa kidevuni ni ule ule wa kiwandani. Yai nililolikuta nikalitia mfuko wa koti, kofia nikaivaa, nikakaza kile kichuma cha mkanda nipige selfi.

Kukaza kilikubali. Kulegea kikagoma. Kutu.

"Mshenga yuko wapi? Wazee wameshakaa!"

Nivute hivi, nivute vile, masikio yanawaka. Side akanidaka mkono akanisukuma ndani, hata usoni hajanitazama. Sebuleni wazee wa Kigogo wamejipanga, kimya, fimbo katikati ya magoti. Nikasema, "Mbukwenyi." Hakuna aliyeitika. Jani moja likadondoka kutoka kwenye kofia, likaelea taratibu, likatua kwenye kikombe cha chai cha mjomba mtu. Mjomba akalitazama jani. Akanitazama mimi.

Nikaona bora nipige magoti nisalimie kwa adabu. Nikasikia *kwacha*. Yai. Likaanza kushuka ubavuni, la uvuguvugu, na mimi ndiyo kwanza nimefika "tumeona ua zuri bustanini kwenu..."

"Kijana," mzee wa katikati akasema, "kwetu mshenga anavua kofia."

"Shikamoo mzee. Haivuliki."

Akafikiri kidogo. "Mmekuja kuposa au kuteka?"

Nyuma ya pazia kina mama wakaangua kicheko. Shangazi wa binti akatoka na kisu cha jikoni, akashika mkanda. Hapo ndipo mdomo uliponiponza. "Shangazi, naomba usikate! Huo mkanda ndiyo nusu ya thamani yake!"

Kicheko kikakatika. Mzee akaegemea mbele. "Thamani gani?"

Side alifumba macho. Shangazi akarudisha kisu, akaja na bakuli la mlenda, akanipaka kidevu chote hadi masikioni, akavuta. Ikachomoka na nywele kadhaa. Simu zilikuwa zinarekodi pande zote, hilo mmeshaliona.

Posa imepokelewa. Mimi nimepigwa faini ya mbuzi, nimelipa. Kofia ndiyo kimbembe: mzee amekumbuka ghafla kwamba baba yake alikuwa Keya (askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza), alipigana na Waitaliano kule Abisinia, na kwamba urithi hauuzwi kwa bei ya kuku. Anataka ng'ombe 2. Mahari ya binti amekubali kupunguza, kofia hapunguzi.

Mwenye ng'ombe wa mkopo aje inbox. Side asijue.