Kilo Zimepanda, Shingo Je?

Kwenye kliniki nyingi za watoto huku Pwani, kazi inaishia kwenye mzani. Mtoto ananing'inizwa, kilo zinaandikwa, anachomwa chanjo, mama anapewa tarehe ya kurudi. Juzi nilimsikia mama wa mtoto wa miezi saba akisema, "Sista, huyu shingo bado haijakaza." Akajibiwa kwamba wavulana huchelewa, na uzito ni mzuri. Alitaja pia kuwa mtoto hakulia alipozaliwa. Hakuna aliyeliandika.

Hapo ndipo tunapoharibu. Mtoto aliyechelewa kulia, njiti, aliyepata manjano makali au homa ya uti wa mgongo, huyo yuko kwenye hatari ya kuchelewa makuzi au kupata ulemavu, hafai kungojea mpaka mamake aingiwe na wasiwasi. Atoke wodini akiwa na tarehe ya kupimwa makuzi. Wala sisemi mashine. Mtu aliyefunzwa akae naye mkekani, atazame anavyogeuka, anavyoshika kitu, anavyoufuata uso wa mama kwa macho, anavyoitikia sauti.

Na kipimo kiwe cha kwetu. Kile cha Denver, cha Marekani, kwa watoto wakubwa kidogo kinauliza kama mtoto anaweza kujiandalia siriali, ile nafaka ya pakiti. Mtoto wa Ganze, huku Kilifi, aliyelelewa kwa uji wa mahindi atafeli swali hilo akiwa mzima kabisa! Watafiti wa Kilifi, akiwemo Profesa Amina Abubakar, walishatengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachoangalia mwendo na jinsi macho na mikono vinavyofanya kazi pamoja. Malawi nao walichapisha chao 2010. Sasa ni wauguzi wangapi wa zahanati waliofunzwa kuvitumia?

Wapo wanaoogopa kumbandika mtoto jina la ulemavu mapema, na hofu hiyo naielewa. Kuna anayeanza kutembea akiwa na miezi 9 na anayeanza akiwa na 17, wote wazima. Njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 32 akifika miezi 6, anapimwa kama wa miezi 4, maana aliwahi kama miezi miwili. Kwa hiyo mtoto apimwe, kisha apimwe tena. Lakini mazoezi ya viungo, namna ya kumbeba, namna ya kumlisha asipaliwe, hayo hayangoji jina la ugonjwa. Mama anaweza kuanza kufundishwa leo hapo hapo zahanati, huku rufaa ya Mombasa ikisubiriwa.