Mkata boriti na hesabu ya korija

Ukilala chali ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu, dari yote unaisoma kwa boriti: moja, mbili, tatu, mpaka ukutani. Chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake haufiki mita 3. Fundi hakuwa bahili. Msitu ndio uliompimia, kwa kuwa huo ndio urefu wa mkoko unaoweza kubeba dari ya mawe na chokaa bila kupinda. Kwa nyumba hizi UNESCO iliuingiza mji katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi Julai 2023 rais alipotangaza kuiondoa marufuku. Hoja iliyoipa nguvu haikuondoka nayo. Bado inasemwa, tena na watu wenye nia njema, kwamba mikoko ya Lamu isiguswe kabisa. Iachwe ivute hewa ya ukaa, na wenyeji walipwe kwa kuilinda.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Kenya ina hekta kama 61,000 za mikoko, na zaidi ya 37,000 ziko Lamu. Tope lililo chini yake limehifadhi kaboni ya karne nyingi. Kamba, kaa na samaki wachanga hulelewa kwenye mizizi ile. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa iliyofungwa na msitu, tangu 2013, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Na kuna jambo ambalo sisi watetezi wa mkata boriti hulipitia haraka: mkoko wenyewe hauchipui. Mchu na mlilana, aina nyingine za miti ya msitu huo huo, ukiikata itatoa machipukizi, lakini mkoko ukishakatwa shina umekwisha. Unategemea mche wake, ule mrefu kama mshumaa unaoota ungali unaning'inia kwa mama, kisha ukadondoka topeni. Ukikata mama wote, hakuna wa kudondosha.

Lakini ngoja tuhesabu.

Boriti Lamu huhesabiwa kwa korija, na korija ni miti 20. Katikati ya karne iliyopita, majahazi yalipokuwa yakipakia kwenda Uarabuni na Ghuba, Lamu ilisafirisha wastani wa korija 24,150 kwa mwaka. Hiyo ni miti 483,000, karibu nusu milioni kila mwaka. Mtu akiisikia hushika kichwa, na mimi nilishika. Kisha nikaigawanya kwa hekta za leo: inatoka miti 13 kwa hekta. Hekta moja ya mikoko yenye afya ina mashina zaidi ya elfu. Hata ukijumlisha iliyotumika nyumbani, kuni za matanuri ya chokaa na mbavu za vyombo, hiyo si picha ya watu waliokuwa wakifyeka msitu.

Najua pa kunibana. Miti 13 haikutoka kila hekta sawasawa. Mkataji huenda mashua inapofika, na hukata anachouza. Ana majina saba ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi na banaa. Soko linataka zaidi mazio na boriti zilizonyooka, kwa hiyo kingo za mikondo hubaki na miti iliyopinda, na mtu akipita kwa boti huona kijani akadhani msitu mzima. Hapo watu wa uhifadhi wana haki. Ila kosa hilo dawa yake ni kugawa msitu vitalu, kimoja kivunwe na kingine kipumzike, na miti mama iachwe imesimama. Msitu huu uko chini ya serikali tangu 1932, na kukata kwa kibali si jambo geni. Soko la nje lilifungwa mwaka 1982, na sasa anayebaki kununua ni mwenye nyumba wa pwani tu. Hata mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unaweka uhifadhi na matumizi pamoja. Wino haujakauka vizuri, marufuku ikaja juu yake.

Na ni nani hasa ameuondoa mkoko usirudi? Nenda kaskazini ya Malindi, kuanzia Ngomeni, uyaone mashamba ya chumvi mahali palipokuwa na mikoko. Pale huna cha kuacha kiote, ardhi imesawazishwa. Lamu yenyewe, mwaka ule ule wa 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Marufuku ya nchi nzima ikiwa bado inadumu, Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Mwenye shoka alikatazwa, mwenye mashine ya kuchimba bahari akakatiwa utepe.

Mkata boriti naye si mgeni wa msitu. Kazi yake hufuata bamvua, maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu: maji yakijaa chombo kinaingia ndani kabisa, yakitoka anakata, yakirudi anaelea na mzigo. Akilala huko huliona ua la mlilana, linalofunguka usiku na kutembelewa na popo. Alfajiri nyuzi zake nyeupe zimeshamwagika juu ya maji kama unga. Anajua nyuki wanapenda mchu. Ukimtoa, tope lile litalindwa na askari wachache wenye boti moja na mafuta ya kuhesabu. Sidhani hiyo ni afadhali.

Pesa za kaboni zije, sizipingi. Ila Gazi ni hekta zaidi kidogo ya mia moja, Lamu ni maelfu, na sijaona hesabu ya mgao itakayomfikia kijana wa vijiji vya Lamu kama Ndau au Mkunumbi aliyezoea kulipwa kwa korija.

Dari zenyewe hazingoji. Boriti iliyoliwa na mchwa ikikosa mwenzake wa kuishika nafasi, mwenye nyumba hununua nondo na saruji. Chumba kinapanuka hadi mita 4, kinakuwa cha joto, na moshi wa tanuri lililoioka ile saruji hauandikwi kwenye daftari la mikoko.